Hesabu ya kinga ya umeme haikupigwa kwetu

Ba-licencié wenzangu, na ninyi wadogo ambao mungali kwenye viti vya oditwari, leo sitaandika juu ya kitabu. Nataka kusoma pamoja nanyi shauri moja ambalo limetembea sana kwenye simu zetu. Mumelisikia: kijana mwenye akili hatupi pesa yake ya mwezi kwenye transporti. Anapanda bisi pale bisi inapita, na mahali bisi haifiki anapanda kinga ya umeme. Anaweka akiba. Mwisho wa mwaka ana mtaji.

Shauri hili ni zuri kusikia, mimi mwenyewe nililipenda. Nililipenda mpaka nikaliingizia pesa ambayo haikuwa yangu, na nitawaeleza ilikuwa ya nani. Lakini tulifundishwa kwamba maandishi yoyote unayauliza maswali matatu: ni nani anasema, anasema na nani, na kitu gani amekinyamazia. Shauri la pesa nalo ni maandishi. Tuliulize.

Nianze na hesabu yangu, juu mtu anayekosoa hesabu ya wengine bila kuonyesha yake ni mwongo.

Mimi nakaa upande wa Ruashi, ndani kabisa, mbali na barabara kubwa. Staji yangu ilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi. Kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa ni kilomita 3, njia ya udongo. Kutoka pale mpaka mjini ni kilomita 8. Asubuhi nilikuwa napanda manseba, ni vile tunaita watu wa moto hapa kwetu, franka 1500. Kisha bisi, franka 1000. Mangaribi, kurudi, bisi inakata njia: inakupeleka nusu, inageuka, inaita watu upya, na wewe unalipa mara ya pili. Wenzetu wa Kinshasa wanaita mchezo huo demi-terrain. Kwa hiyo kurudi ni bisi mbili, franka 2000, na manseba tena 1500. Jumla ya siku: 6000. Siku 22 za kazi kwa mwezi: 132 000.

Pesa ya staji ilikuwa 280 000.

Soma tena hizo namba mbili. Karibu nusu ya pesa ya kazi ilikuwa inalipa ruhusa ya kufika kazini. Nusu ingine ndiyo chakula, mavoda ya simu, sabuni, na mkono kwa wazazi. Kuna siku nilikaa kwenye biro nikijiuliza kama niko natumika kwa ajili ya patroni, ama kwa ajili ya shofa wa bisi. Mwenzangu mmoja wa promosyo alipata staji ya 150 000 upande wa Kasapa, naye anakaa Katuba. Alipiga hesabu usiku, asubuhi akakataa. Watu walimuita mvivu. Hakuwa mvivu. Alijua tu kujumlisha.

Basi, mtu akikukuta katika hali hiyo akakuambia kuna njia ya kupunguza, utamsikiliza. Mimi nilisikiliza.

Sasa kosa la kwanza la shauri lile. Ukiangalia vizuri hesabu zake, akiba yote inatoka wapi? Inatoka kwenye motokari. Mtu anasema: nilikuwa nalipa mafuta, asiransi, parkingi na fundi, nimeacha motokari nyumbani, napanda bisi na kinga ya umeme, tazama nimeokoa pesa ngapi! Ni kweli, ameokoa. Lakini yeye alikuwa anashuka kutoka juu. Alikuwa na kitu cha kuacha. Sisi hatuna motokari ya kuacha. Ukipunguza transporti ya kijana wa Lubumbashi, chini yake hakuna kitu kingine isipokuwa miguu. Kwa yule wa Ulaya, bisi ni kujinyima kidogo. Kwetu sisi bisi yenyewe ndiyo matumizi makubwa ya mwezi. Neno ni lile lile, «kupunguza», lakini hatusimami kwenye ngazi moja.

Kosa la pili ni neno «bisi». Kule shauri linakotoka, bisi ina saa yake, bei yake imeandikwa, na mtu anaweza kupanga siku yake juu ya hiyo karatasi. Katika miji mingi ya Marekani bisi ina chuma mbele ya kubeba kinga: unaipandisha pale, unaingia, mwisho wa safari unaishusha. Njo maana wanasema «bisi na kinga» sawa vile mtu anasema bukari na mboga. Vinaenda pamoja.

Kwetu bisi ni Hiace. Tunakaa wane wane mahali pa watu watatu, magoti kwenye mgongo wa mwenzako, na kijana anayepokea pesa anasimama mlangoni akiwa nusu nje. Utaweka kinga wapi? Juu ya mama mwenye beseni la mboga? Na bei haijaandikwa popote. Mafuta yakikosekana siku mbili, bei inapanda, na mafuta yakirudi bei haikumbuki njia ya kushuka. Saa 11 za jioni, watu wanapanda bisi inayoenda upande mwingine, wanalipa, wanazunguka nayo, ili tu wawe tayari ndani wakati itageuka kuja upande wao. Wanalipa mara mbili ili wapate kiti kimoja. Huyo mtu umwambie apange bajeti ya mwezi?

Serikali ilileta bisi kubwa za Transco Kinshasa mwaka 2013, na mtu aliyezipanda mwanzoni anajua ni raha gani kulipa bei moja bila kubishana. Kwa hiyo si kusema kwamba Mkongomani hawezi kupanda bisi ya saa na ya bei. Hajapewa ya kutosha. Shauri linalosema «panda bisi» linazungumza sawa vile bisi ni mvua, inanyesha tu. Bisi ni siasa. Mtu binafsi hawezi kuiwekea akiba.

Sasa nije kwenye kinga ya umeme, na hapa nitasema haki, juu mkosoaji asiyesema mazuri hafai kuaminiwa kwenye mabaya.

Kinga ya umeme ni chombo cha akili sana. Betri ya kawaida ya volti 36 na amperi-saa 10 inabeba wati-saa 360. Kwa lugha ya nyumbani: ni umeme ambao pasi ya wati 1000 inakula kwa dakika 22 hivi. Kwa umeme wa kunyoosha mashati machache, mtu anaenda kilomita 25, 30, kama njia ni tambarare na yeye mwenyewe anasaidia kwa miguu. Hakuna moto, hakuna Hiace, hakuna motokari inayokaribia pale. Na Lubumbashi ni mji wa tambarare, si Bukavu. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu: kinga mpya ya dola 450, nikitumia dola 6 kwa mwezi kwa kuchaji na kwa fundi, badala ya dola 53 za transporti (nilihesabu dola moja kwa franka 2500, ili namba zisinisumbue). Miezi 10, kinga imejilipa. Baada ya hapo, kila mwezi ni faida.

Hesabu hiyo haina kosa. Niliirudia mara nyingi, haina kosa. Kosa ni kwamba inaanza na mstari huu: «kinga mpya ya dola 450». Mtu mwenye pesa ya mwezi ya dola 112 anatoa wapi 450 kwa siku moja?

Ndugu zangu, hapa ndipo pana kiini cha jambo. Sisi tunalipa transporti kwa bei ya juu, si juu hatujui kuhesabu. Tunalipa hivyo juu tuna pesa ya leo tu. 6000 ya leo ninayo. 450 kwa mara moja sina, na sitakuwa nayo, sababu ile 6000 inatoka kila siku. Maskini ananunua mafuta ya kupika kwa kikombe, na mwisho wa mwezi amelipa kupita yule aliyenunua bido. Transporti yetu ni ya vikombe. Shauri ambalo halisemi pesa ya kwanza itatoka wapi, limetuambia tununue bido na halafu likanyamaza.

Nilifanya vile tunafanya sisi wote. Tulikuwa wanne wa promosyo moja, tukaanzisha likelemba: kila mtu dola 25 kwa mwezi, mmoja anabeba 100. Zamu yangu ilifika mwezi wa 5. Nilikuwa na 60 zangu. Zilibaki 100, na nikaenda kwa yaya.

Yaya anauza salaula. Alikuwa ameweka dola 100 za minervali ya mdogo wetu, sehemu ya mwisho ya mwaka. Nilimfungulia kaya langu, nikamuonyesha mistari yote. Aliangalia, akasema: «Miye sikusoma sawa weye. Ukisema inatoka, inatoka. Lakini hii ni makuta ya mutoto, unajua?» Nikasema najua. Nilimuahidi kurudisha mbele ya mitihani.

Nilinunua kinga ya umeme iliyotumika, dola 260. Muuzaji alisema inaenda kilomita 40. Mimi nilihitaji 22 tu, kwenda na kurudi. Nikajiona nimeacha hata nafasi ya usalama.

Wiki ya kwanza ilikufa kwenye kilomita ya 17. Kama hamujawahi kupanda kinga ya umeme ambayo betri yake imekufa, niwaambie: ni chuma cha kilo 25. Unaisukuma kwa miguu, nayo inakuvuta nyuma sawa mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Nilifika nyumbani saa 2 za usiku, shati limeloa.

Kisha kuchaji. Betri inahitaji saa 4, 5, ya umeme bila kukatika. Ninyi munajua umeme wetu. Kuna usiku ulikuja saa 7 ukaondoka saa 9. Niliamka kwa sauti ya redio ya jirani, nikachomeka, nikalala kidogo, nikaamka giza. Nikajaribu kuchaji kwenye biro. Siku ya tatu mkubwa mmoja akaniita, kwa sauti nzuri kabisa, akasema umeme wa biro si wa kinga za watu. Nikaenda kwa kijana mwenye jenereta anayechajisha simu. Kwa simu anajua bei. Kwa betri yangu alifikiri kidogo, akasema franka 2000. Hata na 2000 nilikuwa bado chini ya 6000 yangu ya zamani, nikajifariji na hiyo. Lakini mwezi wa pili ilikuwa inakufa kwenye kilomita ya 13.

Fundi mmoja wa umeme alifungua betri mbele yangu. Akanionyesha: ndani kuna vijipande vingi vidogo vimefungwa pamoja, na vingine vilikuwa vya rangi ingine, vya zamani kupita wenzao. Alinieleza kwa maneno machache jambo ambalo hakuna video iliniambia: katika betri, vijipande vinafanya kazi kwa mstari, na kile kilicho dhaifu ndicho kinaamua safari inaishia wapi. Tena betri yoyote ina idadi ya kuchajiwa, mara mia kadhaa, kisha inaanza kushuka, hata kama ulinunua mpya. Mtu anayeuza iliyotumika anakuuzia chuma, na juu yake maisha yaliyobaki, na hayo maisha huwezi kuyaona kwa macho. Betri mpya, akasema, dola 170.

Nilikaa pale kwenye kiti chake cha mbao nikifikiri jambo ambalo lilinichekesha vibaya. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilomita 300 hivi kwa barabara. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi hii, na sehemu kubwa inatoka huko Lualaba na huku Katanga ya Juu. Malori yanapita mbele yetu usiku na mchana. Si kila betri ya kinga ina kobalti. Kuna zingine za chuma na fosfati, na zile za bei ya chini kabisa ni za risasi tu. Lakini nyingi zinayo. Udongo wetu unaenda mbali, unarudi umekuwa betri, unauzwa kwetu ukiwa umechoka. Na kijana wa hapa, mwenye diplome, anahesabu kama ataweza kununua sehemu ndogo ya udongo wake ili afike kazini. Sisemi hivyo ili tulie. Nasema juu shauri lile halina hata sentensi moja juu ya mahali betri inatoka, na sisi tukilirudia bila kufikiri tunakuwa watu wanaosoma barua ya mwingine kwa sauti kubwa.

Mitihani ilifika. Sikuwa na dola 100. Mdogo wangu hakuwa kwenye orodha ya waliomaliza kulipa, na sesheni ya kwanza ilipita bila yeye. Asubuhi ile alivaa shati lake jeupe sawa kawaida, akakaa kwenye kiti nje ya nyumba na nota zake mkononi, akisoma. Hakuniambia neno. Yaya naye hakuniambia neno. Ningependa wangenitukana.

Gharama hiyo iko kwenye hesabu ipi? Shauri linasema «wekeza sasa, utavuna baadaye». Lakini katika familia zetu pesa haikai peke yake. Kila dola ina jina la mtu. Ukiihamisha, kuna mtu inamuondokea. Yule anayetoa shauri, akikosea, amepoteza pesa zake. Mimi nilipokosea, nilipoteza sesheni ya mtu mwingine.

Niliuza kinga ile kwa fundi yule yule, dola 120. Yeye alitaka moteri. Nikanunua kinga ya kawaida, ya miguu, iliyotumika, dola 60. Zile 60 zilizobaki nikampa yaya siku ile ile. Na hapo, bila video, nikaanza kuhesabu vizuri kwa mara ya kwanza.

Angalieni. Bisi asubuhi: franka 1000 kwa kilomita 8. Ni 125 kwa kilomita. Manseba: franka 1500 kwa kilomita 3. Ni 500 kwa kilomita. Mara nne! Miezi yote nilikuwa natafuta kushinda bisi, na hata na mchezo wake wa kukata njia, bisi haikuwa adui yangu mkubwa. Pesa ilikuwa inavuja kwenye kipande kifupi, kile cha udongo, ambacho sikukihesabu sababu kilikuwa kifupi. Nusu ya 6000 yangu ilikuwa inaishia kwenye kilomita 3.

Na kilomita 3 hazihitaji betri. Zinahitaji miguu na magurudumu mawili. Sasa natoka nyumbani na kinga, dakika 15, nafika barabara kubwa. Kuna mama mmoja mwenye lupango pale, naiacha kwake na kadenasi, nampa franka 500 kwa siku. Napanda bisi. Mangaribi narudi vile vile. Manseba ilikuwa 3000, sasa ni 500. Naokoa 2500 kwa siku, 55 000 kwa mwezi, bila kuomba umeme ruhusa. Mwezi wa 8 na wa 9 nikamalizia deni la yaya, 20 na 20. Mdogo wangu alifanya sesheni ya pili. Alipita. Hilo si jambo la kujisifu kwangu, alipita yeye.

Mutaniuliza: kama ilikuwa rahisi hivyo, juu ya nini hukuanza na kinga ya miguu? Jibu linanisumbua kupita sehemu yote ingine ya habari hii. Sikuanza nayo juu ya haya.

Hapa kwetu munajua nani anapanda kinga. Ni baba wa makala, yule anayetoka porini na mifuko imepita kichwa chake, anasukuma usiku kucha ili mji upike. Ni mtu anayebeba unga. Licencié hapandi kinga. Siku mama aliniona mara ya kwanza natoka na ile ya miguu, alisimama mlangoni akasema: «Tulilipa minervali myaka tano, na leo unapanda kinga sawa mutu wa makala?» Lakini ile ya umeme hakuisema kitu. Jirani waliizunguka, watoto waliigusa, mtu mmoja aliniita «injenieri». Betri ilikuwa inanibeba kwa kilomita 13 tu, lakini heshima ilinibeba mtaa mzima. Sasa najua nilinunua nini kwa zile dola 260.

Na hapa nalikosoa shauri lile kwa mara ya mwisho, pamoja na sisi tunaolipenda. Linatuvutia juu lina neno «umeme» ndani yake. Ondoa neno hilo, sema «panda bisi na kinga», hakuna mtu angelisambaza kwenye simu. Tungeona ni maisha ya baba zetu. Kumbe ile sehemu ya maana, kuchanganya bisi na kinga, ndiyo ilikuwa bila bei. Ile tuliyoikimbilia ndiyo ilikuwa na bei.

Sitaki mtu aseme nimekataza kinga ya umeme. Kama unakaa Bukavu, kati ya milima ile, miguu peke yake haitoshi, na moteri ndogo si fahari, ni pumzi. Kama njia yako ni kilomita 10 bila bisi, na kazini kwako wanakuruhusu kuchomeka, hesabu inaweza kutoka. Kama ni wawili watatu munagawana moja nzuri, na betri mumeiona ikipimwa mbele yenu, sawa. Na kama siku moja mtu ataleta hapa kile wenzetu wa Kigali wanafanya na moto za umeme, ambapo dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa na kulipa ile aliyotumia tu, nitakuwa wa kwanza kwenye mstari. Sababu pale mtu amefikiri juu ya swali lenyewe: mwenye pesa ya kikombe afanye nini na bei ya bido. Amelijibu kwa mashine na kwa mkataba, si kwa kumwambia maskini ajifunze nidhamu.

Tena kuna watu ambao hata kinga yangu ya miguu haiwajibu. Dada mmoja wa staji pamoja nami anatoka kazini saa 1 ya usiku; njia yake ya mwisho ina giza, hakuna taa hata moja. Nilipomueleza hesabu yangu ya 125 na 500, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Yaya, miye ile 1500 silipi kilomita. Nalipa kufika.» Nikanyamaza. Alikuwa amenikosoa kwa sentensi mbili kupita vile nimekosoa mimi kwa kurasa zote hizi. Na ile mvua inayoanza mwezi wa 11, inapogeuza udongo wetu kuwa mtelezo mpaka mwezi wa 3, nayo itanirudisha kwa manseba siku nyingi. Nimeiweka kwenye hesabu: sihesabu tena siku 22 za akiba wakati wa mvua, nahesabu 10.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mukisikia shauri la pesa, lolote, msiangalie kwanza jumla ya chini. Angalieni mstari wa kwanza. Anaanza na nini mkononi? Analinganisha na nini? Akikosea, nani atakaa nje na nota zake mkononi? Kisha chukueni kaya, andikeni njia yenu wenyewe, kipande kwa kipande, bei na kilomita. Tafuteni kile kipande kifupi kinachokula kupita kingine.

Kinga yangu iko na taa ya dinamo. Jana usiku umeme ulikuwa umekatika tena mtaani, na mimi nilikuwa nafika. Mama alitoka nje aone ni nani anakuja na taa. Aliponiona alicheka. «Njo weye?» Nikasema njo mimi. Akashika gidoni, akanifungulia mlango.